Tundu Nililoapa Sitalitoboa

Wajukuu zangu wa umoja wa vijana, mlinikuta barazani kwangu hapa Mkolani, mkaniamkia vizuri, shikamoo babu, nikaitika marahaba, mkanikabidhi daftari jipya na kalamu mbili. Mkasema mna semina, na mada ni kusimama imara katika majaribu, na mchungaji wenu kawaelekeza kwangu kwa sababu mimi ni mfano. Nilitaka kuwauliza mfano wa nini, lakini mlikuwa na haraka. Pikipiki yenu ilikuwa inanguruma nje, imebandikwa mstari wa Maandiko mbele, mwingine nyuma, wa tatu kwenye tangi la mafuta, na aliyewaendesha hakuwa na kofia ngumu. Nikasema moyoni, haya, hawa watoto wana ugonjwa ule ule niliokuwa nao mimi. Tofauti ni kwamba wao wanabandika na mimi nilikuwa natumia patasi.

Basi nitawaandikia. Ila mkishasoma, msije mkanipigia makofi kanisani. Makofi nilishapigiwa, na nitawaambia yalinifikisha wapi.

Nilikuwa fundi wa mitumbwi kule Igombe, ufukweni, kwa miaka mingi. Siyo seremala wa vitanda na makabati. Kitanda ukikikosea mtu atasikia kelele usingizini, basi. Mtumbwi ukiukosea watu wanne hawarudi, na wake zao wanakuja kwako, hawaji kwa muuza mbao. Aliyenifundisha ni Mzee Bituro, Mjita mmoja mfupi, mwenye mikono mipana na mdomo mchafu. Hakuwa mtu wa kanisa wala wa msikiti. Watu wa sensa walipomuuliza dini yake alisema, "Mbao." Wakaandika hivyo hivyo, nasikia.

Kazi yenyewe nisiwachoshe, lakini jambo moja lazima mlijue, la sivyo hamtaelewa kitu. Kati ya ubao na ubao inabaki nafasi nyembamba. Ile nafasi unaishindilia pamba iliyolowekwa mafuta, unaigonga kwa patasi butu, kidogo kidogo, kutoka mbele mpaka nyuma, halafu juu yake unapigilia bati jembamba. Hiyo ndiyo kukalafati. Ni kazi ya kukaa chini, inachosha kiuno, na haina sifa, maana ikishafunikwa na bati hakuna anayeiona. Mtumbwi wangu wa kwanza niliukalafati vizuri kila mahali isipokuwa chini ya kiti cha mbele, pale ambapo mkono unaingia kwa shida. Nikasema nani atachungulia huko?

Mzee Bituro hakuchungulia. Alijaza maji ndani ya mtumbwi ukiwa bado juu ya magogo, nchi kavu, akavuta kigoda akakaa. Ndivyo mtumbwi unavyopimwa. Unaujaza maji wewe kabla ziwa halijaujaza, mbao zinavimba, na palipo na uongo panavuja. Punde si punde maji yakaanza kudondoka chini ya kile kiti. Akanipa kikombe cha chai. Akaniambia niingie humo ndani, nitoe maji yote kwa kikombe hicho, mpaka yaishe.

"Ulidhani maji yanaona haya kuingia chini ya kiti?" akaniuliza.

Kina mama waliokuwa wanaanika dagaa mchangani walinicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja wao alicheka kuliko wote, nikamkasirikia sana, na mwaka uliofuata nikamwoa. Huyo ndiye Rahel, ambaye baadaye tulimwita Mama Neema.

Sasa tundu. Zamani kila mtumbwi mpya ulitobolewa tundu mbele, pale ubao wa chini unapoungana na pua. Tundu la upana wa kidole gumba, lenye kina cha kidole kizima. Mwenye mtumbwi anakuja na dawa yake kutoka kwa mganga, anaitia humo mwenyewe, fundi anageuza uso anaangalia ziwa, kisha fundi anaziba kwa kizibo cha mbao anakipiga randa, hata ukitafuta kwa miwani huoni. Dawa ya samaki waje, na ya wivu wa majirani usije. Mzee Bituro alitoboa kwa kila aliyetaka. "Lakini nakalafati kama vile tundu halipo," alikuwa akisema. Yeye hakuwa mnafiki. Wanafiki tulikuja baadaye, tumevaa mashati meupe.

Mimi nilipobatizwa nikiwa mtu mzima, nilisimama mbele ya kanisa nikasema kuanzia leo mikono hii haitatoboa tena tundu la dawa. Loo! Vigelegele. Mchungaji akanikumbatia. Wakanipa na kazi ya kusoma somo kila Jumapili, maana sauti ilikuwa nzuri na macho mazima. Nikarudi nyumbani kifua mbele. Niwaambie ukweli, kiapo kile hakikunigharimu chochote. Siku zile wateja walikuwa wachache, misumari ilikuwa ya kutafuta kwa vibali, mtu akipata mtumbwi wowote anashukuru. Ni rahisi sana kuapa wakati hakuna anayekujaribu.

Halafu ikaja ile miaka ya tisini, mambo yakafunguliwa. Viwanda vya minofu vikaota kando ya ziwa, sangara akawa mali, malori ya barafu yakawa yanasubiriana foleni. Misumari ikajaa kwenye maduka ya Nyamagana, ya kila saizi, hata Mzee Kanji aliyekuwa ananiuzia kwa kupima kwa kiganja akaanza kuniuliza ninataka maboksi mangapi. Na kila mtu akataka mtumbwi. Mwalimu aliyechoka na chaki, karani aliyepunguzwa kazini, muuza mitumba, wote wakawa matajiri wa sangara, wengine hawajawahi hata kuogelea. Na wote, nasema wote, walitaka tundu.

Mzee wa kanisa letu alikuwa anaitwa Masatu. Mrefu, suti ya kahawia, ndiye aliyeshika kapu la sadaka na ndiye aliyeombwa kufunga ibada, na akifunga ibada ilikuwa haifungiki. Siku moja alinijia karakana saa ya chakula cha mchana, wakati ufuko hauna watu.

"Bwana asifiwe, fundi."

"Amina, mzee. Karibu ugali."

"Nimeshiba. Ule mtumbwi wangu ... pale mbele, utaniachia nafasi kidogo?"

"Nafasi ya nini, mzee?"

"Nafasi tu. Ya hewa."

"Ubao haupumui, mzee."

Akacheka, akaangalia huku na huku. "Fundi, mimi nimeokoka, unanijua. Lakini wale sangara hawajaokoka."

Nikakataa. Akaenda kwa fundi mwingine, akatobolewa tundu lake la hewa. Jumapili iliyofuata, katika kufunga ibada, alimshukuru Mungu kwa ajili ya ndugu yetu fundi asiyetetereka, akalia na machozi. Nami nilipokea sifa ile na kichwa kikavimba. Ndiyo, nilijua ana tundu, na bado nilifurahi kusifiwa naye.

Wateja wakanipita. Mwaka ule na uliofuata nilitengeneza vigoda, meza za genge na mlango mmoja wa choo. Nyumba ililishwa na dagaa wa Rahel. Alikuwa anarudi jioni ana mchanga mpaka kwenye nyusi, anakuta nimekaa nimenuna, ananiambia, "Baba Neema, umekuwa nabii wa vigoda. Nenda basi ukachote maji." Baada ya chakula nilikuwa namsomea Biblia, maana yeye hakujua kusoma. Alikuwa na zaburi yake moja, ile ya mchungaji na kondoo, anaitaka karibu kila jioni. Mimi ilikuwa imenichosha. Nilikuwa naisoma huku nawaza mbao.

Ndipo akaugua. Uvimbe tumboni. Mwanzoni tuliuita gesi, halafu tukauita minyoo, halafu hatukuwa na jina jingine la kuuita. Na wajukuu zangu, mkitaka kujua majaribu ni nini, siyo ugonjwa. Ugonjwa ni ugonjwa. Majaribu ni wale wanaokuja kukufariji.

Alikuja dada mmoja wa kwaya, akakaa kitandani bila kukaribishwa, akasema, "Mama Neema, tubu. Kuna dhambi umeificha."

"Ziko nyingi, dada," Rahel akajibu. "Tuanze na zako, mimi nimechoka kukaa."

Akaja mhubiri mmoja mgeni, wale wa vipaza sauti uwanjani, miaka ile walikuja kwa wingi. Akamwekea mkono kwenye paji la uso, akaanza kumsukuma ili aanguke. Rahel akasimama. Akamsukuma tena, jasho linamtoka. Rahel akamwambia taratibu, "Baba, nikianguka nitaumia. Nina uvimbe." Mhubiri akatutangazia kuwa nyumba hii ina imani haba, akanywa soda zetu mbili akaondoka. Na shangazi yangu akasema yote haya ni kwa sababu nimedharau mila kwa kukataa matundu. Kwa hiyo tulikuwa na makosa kwa Mungu na tulikuwa na makosa kwa mizimu, na wote wawili walikuwa wameshika tumbo la mke wangu.

Ilibidi afanyiwe upasuaji katika hospitali kubwa mjini. Sikuwa na kitu. Na wiki ile ile, saa ya chakula cha mchana kama kawaida yake, Masatu akatokea. Ametajirika, suti mpya. Anataka mitumbwi minne kwa mpigo, maana yule fundi mwingine mbao zake zinapasuka. Lakini tundu liwepo.

Nilimwambia anipe mpaka kesho. Sikulala vizuri, na asubuhi nilikuwa nimekwisha kuwa mjanja. Niliona njia ya kutoboa bila kuvunja kiapo. Niliapa sitatoboa tundu la dawa, sivyo? Sasa nikitoboa tundu la Neno je? Naandika haya nikiwa na aibu, lakini asubuhi ile nilijiona mtu mwenye akili kuliko wazee wote wa kanisa la Igombe. Nikamwambia Masatu: nitatoboa, lakini humo ndani nitatia mimi mwenyewe, ukurasa wa Maandiko. Macho yake yakang'aa.

Kwanza nilitaka kumpa kurasa zile za ukoo, fulani akamzaa fulani. Nilisema hizo hazisomwi, hazitapunguza kitu. Masatu akakataa katakata. "Majina hayavui samaki, fundi. Nipe zaburi."

Nikampa zaburi. Nilikata kwa wembe, karibu kabisa na mshono, kwa ustadi, mimi ni fundi. Ukifungua kitabu huoni pengo. Mtumbwi wa kwanza nikautilia ile ya mchungaji na kondoo, kwa sababu ndiyo niliyoikuta kwa haraka, kitabu kilikuwa kinafunguka chenyewe pale. Nikaizungushia kitambaa chenye mafuta, nikaisukuma tunduni, nikaziba, nikapiga randa. Siku hiyo hiyo Rahel alipata nauli na kitanda cha hospitali, nikamwambia Bwana ametenda. Sikumwambia ametenda nini.

Habari zikaenea. Nani aliyezieneza sijui, ila Masatu alikuwa na mdomo. Ikasemwa kuna fundi mmoja Igombe anayeweka nguvu safi, isiyo na waganga, mtu anaweza kuipokea akiwa amevaa shati la kanisani. Walikuja! Wanakwaya walikuja. Yule dada wa dhambi zilizofichwa alikuja na shemeji yake. Mmoja akaniuliza kama naweza kuweka kurasa mbili, azidishe. Mwingine akataka maneno mekundu, yale yaliyopigwa chapa nyekundu, akiamini yana nguvu zaidi. Hata Mzee Kanji dukani aliniuliza, "Fundi, nasikia unatia karatasi kwenye mtumbwi?" Nikasema ndiyo. Akapima misumari yangu, akasema, "Mimi nauza misumari miaka mingi. Sijamwambia mteja hata siku moja kwamba msumari utamwombea." Nilimwona kama asiyeelewa mambo ya imani.

Mitumbwi kumi na mmoja nilitengeneza kwa mtindo huo. Na sikilizeni hapa, maana hii ndiyo sehemu ya ufundi. Mkono wangu ukaanza kuwa mwepesi. Sikukusudia. Lakini mteja akija haulizi pamba, anauliza ukurasa. Haguswi na kalafati, anabusu kizibo. Nikaacha kujaza maji nchi kavu, nikisema muda hautoshi, na kitu kimo humo ndani kinalinda. Mzee Bituro alikuwa ameshafariki. Angekuwepo angenipa kikombe.

Mtumbwi wa kwanza wa Masatu ulifunguka mbele ukiwa katikati ya ziwa, wavuvi wanne ndani. Walichota maji kwa sufuria ya ugali, mmoja kwa kofia yake, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane, wakafika kisiwani wakiwa wazima. Nashukuru Mungu mpaka leo, na sina haki ya kushukuru. Mtumbwi ukakokotwa mpaka karakana kwangu, na Masatu akaja nyuma yake amefura. Nilijua atanishika shati anitukane kazi mbovu, na ningestahili.

"Fundi," akasema, "uliniwekea zaburi gani?"

"Ile ya mchungaji na kondoo, mzee."

Akapiga paja. "Ndiyo maana! Hiyo ni ya nchi kavu! Kondoo na ziwa wapi na wapi? Ungeniwekea yenye maji!"

Mzee wa kanisa, miaka kumi na minne na kapu la sadaka, hakujua kuwa maji ya utulivu yamo humo humo. Nilitaka kucheka, ikashindikana.

Alipoondoka nikaingia chini ya mtumbwi. Palipofunguka ni chini ya kiti cha mbele, pale mkono unapoingia kwa shida. Pamba ilikuwa nusu ya inayotakiwa. Nilikuwa nimerudia kosa langu la kwanza, lile la kikombe, ila safari hii nilikuwa mtu mzima na nilikuwa nimeapa mbele za watu. Nikaenda kwenye tundu. Kizibo hakikuwa changu. Mtu alikuwa amekitoa akaweka kingine. Nikakitoboa. Juu kulikuwa na mizizi, kitambaa chekundu na ushanga. Chini kabisa, umeshindiliwa, ulikuwa ukurasa wangu, umelowa, wino wote umetoka, umekuwa uji wa karatasi. Yaani Masatu alichukua zaburi kwangu na akaenda kuchukua dawa kwa mganga pia, asije akakosa. Mtu yule alikuwa hamwamini Mungu, hamwamini mganga, na hakumwamini fundi. Na mimi nilikuwa na nini cha kumzidi? Uji ule niliufinyanga mwenyewe.

Miezi yote ile Rahel akisubiri zamu ya kupasuliwa, binti yetu ndiye aliyekaa naye hospitali, mimi nikisingizia mitumbwi. Kesho yake nilikwenda mwenyewe saa kumi, saa ya kuona wagonjwa. Rahel alikuwa ameshafunguliwa na kufungwa, madaktari walituambia kwa upole kwamba uvimbe umeshika mahali pengi na hawakuweza kuutoa. Alikuwa amekonda, macho tu ndiyo yalikuwa yale yale. Nilikwenda na Biblia kwa sababu ndivyo nilivyozoea.

"Nisomee ile yangu," akasema.

Nilifungua. Kitabu kikafunguka chenyewe pale pale, kwa mazoea, na ukurasa haukuwepo. Wajukuu zangu, nimeona mengi ziwani, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kile kipande cheupe cha mshono. Nikaanza kupekua nikijifanya natafuta.

"Mbona kimya?"

"Natafuta, Mama Neema."

"Unatafuta nini? Miaka yote unaifungua umefumba macho."

Nikamwambia. Yote, tangu tundu la hewa mpaka uji wa karatasi. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani asisikie, akasikia. Rahel akaanza kucheka, akashika mshono wake kwa maumivu, akaendelea kucheka, na kicheko kikageuka kikawa kilio cha hasira.

"Umempa Masatu zaburi yangu."

"Nilitaka upone."

"Wewe una macho ya kusoma chochote. Mimi nilikuwa na ile moja."

Nikamuuliza kitu cha kijinga, kama mtu aliyebanwa: kama haogopi, na kama haoni kwamba Mungu ametuacha.

"Nina hasira naye," akasema. "Nimemwambia, kila asubuhi namwambia. Lakini nimemwambia usoni. Wewe ndiye uliyekuwa unazunguka nyuma yake kumtafutia tundu."

Halafu akafumba macho akaisema. Yote, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, kwa lafudhi yake ya Ukerewe iliyokuwa inatuchekesha sisi wasomaji, hakuruka hata neno. Mtu asiyejua kusoma. Alipomaliza akafungua macho.

"Sasa sema wewe."

Nikaanza. Mstari wa kwanza niliupata. Wa pili nikababaika. Wa tatu sikuwa nao kabisa. Msomaji wa somo wa kanisa, niliyeisoma kila jioni miaka zaidi ya ishirini! Yule wa kitanda cha pili akacheka ukutani.

"Rudia," Rahel akasema.

Siku nane alinifundisha, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, mstari kwa mstari, nikikosea ananigonga mkono kwa kijiko cha dawa. Siku ya nane niliisema bila kukosea. Akasema, "Haya, hiyo hawezi kuikata mtu kwa wembe." Asubuhi yake akafariki.

Mnataka kujua kama nilisimama imara? Sikusimama. Nililia kama mtoto, nikamwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika kwenye daftari la semina. Lakini niliyasema usoni, kama nilivyofundishwa, na sikuondoka. Hilo tu ndilo ninalolijua kuhusu mada yenu. Anayesema alipita kwenye moto bila kuungua, mwangalieni mikono.

Nilirudi karakana. Ile mitumbwi kumi na mmoja niliifuata mmoja mmoja, nikang'oa vizibo, nikakalafati upya kwa gharama yangu, wengine walinitukana kwa kuwaharibia nguvu zao. Kwenye mitumbwi mingine nilikuta alichokifanya Masatu, wala sikushangaa tena. Tangu hapo mteja akija nilikuwa najaza mtumbwi maji mbele yake, namwekea kigoda akae aangalie. Anayetaka tundu aende kwingine, la dawa au la Maandiko, yote ni tundu. Wateja walipungua, kisha wakaongezeka polepole, hasa wale waliowahi kuchota maji kwa sufuria. Nilifanya hivyo mpaka kiuno kikakataa, nikahamia huku Mkolani kwa Neema, binti yetu.

Na ile Biblia ninayo bado. Nasikia mna mpango wa kuninunulia mpya siku ya semina, yenye zipu. Asanteni, mpeni mwingine. Nikifungua hii nikakuta pengo, nalisema kwa mdomo, na pengo jingine hivyo hivyo. Nimekwisha kujifunza kurasa zote nilizozikata. Imenichukua miaka mingi, maana mwalimu aliondoka na ilibidi nijigonge mkono mwenyewe.

Nimalizie na mazishi. Tulimzika Igombe, juu kidogo ya pale wanapoanika dagaa. Mchungaji aliniita nisome somo, akaninyooshea Biblia yake, nikaikataa. Nikasimama mikono mitupu nikaanza kuisema ile zaburi. Nilifika katikati, nikaliangalia jeneza, na maneno yakaniponyoka yote. Mchungaji akakohoa. Mzee Masatu, suti nyeusi siku hiyo, akaona hapa ndipo mzee wa kanisa anapohitajika, akafungua Biblia yake kubwa anitafutie mahali.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu. Mama mmoja wa dagaa, kanga kiunoni, miguu ina mchanga. Alidakia pale pale nilipoachia. Mwingine akaingia, na mwingine, mpaka wote, wanawake ishirini wasiojua herufi, kwa lafudhi ile ile ya Rahel, hakuna aliyeruka neno. Kumbe miaka yote nilipokuwa namsomea jioni huku nawaza mbao, yeye alikuwa akiibeba asubuhi mpaka mchangani na kuwafundisha wakigeuza dagaa. Nikajiunga nao. Masatu alikuwa bado anapekua, analamba kidole anafunua, analamba kidole anafunua, jasho linamtoka. Tulimaliza kabla hajaiona.